Kurasa Tatu kwa Kila Mtu

Makala ya Peter Ekeh kuhusu ukoloni na umma wa aina mbili barani Afrika ilichapishwa mwaka 1975 katika jarida la Comparative Studies in Society and History. Ina kurasa 22. Kikundi nilichokipangia makala hiyo muhula uliopita kilikuwa na wanafunzi wanane. Kiongozi wa kikundi, kijana mwepesi wa hesabu, aligawa kurasa 22 kwa watu wanane akapata jibu lake: watu saba kurasa tatu tatu, na mtu wa nane, binti aliyechelewa kujiandikisha na kuingizwa kikundini mwisho kabisa, ukurasa mmoja uliobaki.

Kwa msomaji aliyeondoka chuoni zamani, au ambaye hakupita huko, nieleze kwanza jinsi shughuli hii inavyokwenda. Mhadhiri huorodhesha makala za muhula. Mimi huorodhesha sita. Darasa hugawanywa katika semina, na kila semina katika vikundi. Kila kikundi hupewa makala moja, wiki mbili za kujiandaa, dakika 20 za kuwasilisha, kisha mjadala wa semina nzima. Kwa maandishi ya kanuni zetu, kusudi ni kumfunza mwanafunzi kusoma kwa kina, kupima hoja na kuitetea mbele ya wenzake. Uwasilishaji una alama 10 kati ya 40 za muhula, na kila mwanakikundi hupewa alama ileile. Ndivyo ilivyoandikwa. Jinsi inavyotendeka, kila aliyewahi kukaa katika semina anajua: makala hukatwa vipande, kila mtu hubeba kipande chake, hukipunguza kiwe slaidi mbili, na usiku wa kuamkia semina mtu mmoja mwenye kompyuta huviunganisha. Slaidi ya kwanza huwa na majina yote na namba za usajili. Hiyo ndiyo slaidi pekee inayokaguliwa na kikundi kizima, ili kuhakikisha kwamba hakuna jina lililosahaulika.

Sisemi haya kuwacheka wanafunzi. Utaratibu huu tuliujenga sisi. Elimu ya chuo kikuu nchini Tanzania ilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kukiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwalimu wa darasa la namna hiyo hakuhitaji vikundi. Alimtazama mwanafunzi machoni akajua kama amesoma. Mimi nina semina tano, kila moja ina wanafunzi 48. Tulipofungua milango ya vyuo vyetu tulitenda haki, na sitamsikiliza anayetamani ifungwe tena. Lakini hatukuongeza walimu kwa kadiri hiyo, na kikundi kikawa dawa ya uhaba. Badala ya kusahihisha insha 240, nasikiliza mawasilisho 30. Kisha tukaipa dawa hiyo jina la heshima, tukaiita mbinu shirikishi.

Siku ya kikundi cha Ekeh ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, katika chumba cha ghorofa ya pili ambacho feni yake moja huzunguka na nyingine hutazama. Walisimama saba. Kiongozi akaomba radhi kwa niaba ya mwenzao mmoja aliyepata dharura. Nikaitikia kwa kichwa, maana dharura ni neno ninalolisikia kila wiki, na nimeacha kuuliza ni ya namna gani.

Wa kwanza alieleza vizuri kiasi kwamba mwandishi anazungumzia matabaka mawili ya mabepari: wale wa Ulaya waliohitaji kuhalalisha utawala wao juu yetu, na wale wa Afrika waliohitaji kuhalalisha haki yao ya kuurithi. Wa pili akasoma slaidi zake neno kwa neno, akiwa ametugeuzia kisogo. Wa tatu, kijana mwenye macho mekundu aliyeonekana kama hakulala, aliyarudia ya wa kwanza pasipo kujua kwamba ni marudio, kwa kuwa hakuwa ameyasoma ya wa kwanza. Nikafika kwa wa tano, naye alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba, kwa mujibu wa Ekeh, umma wa kiraia ni mwovu.

Ekeh hakusema hivyo. Neno alilolitumia latofautiana kwa herufi chache tu na neno la Kiingereza lenye maana ya uovu, lakini makala nzima imening'inia juu ya herufi hizo. Nikauliza: kuna tofauti gani kati ya mtu anayevunja mwiko na mtu aliye mahali ambapo mwiko huo hauulizwi kabisa? Kimya. Nikauliza kwa urahisi zaidi: kwa sentensi moja, makala hii inasema nini? Wakatazamana. Hatimaye wa tatu, yule mwenye macho mekundu, akajibu kwa adabu na kwa ukweli mtupu: "Samahani mwalimu, mimi sehemu yangu ilikuwa ukurasa wa saba hadi wa tisa."

Hapo ndipo nilipoijua ile hesabu ya kurasa tatu tatu. Sehemu ya nane haikuwasilishwa. Mwenye nayo hakuwapo, na hakuna aliyeweza kuisema kwa niaba yake. Nikaligeukia darasa. Wengine 40 nao hawakuwa wameisoma makala, kwa sababu haikuwa yao. Mmoja akanyoosha mkono na kuuliza swali ambalo huulizwa kila mara na watu ambao hawajasoma: "Je, changamoto ni zipi?"

Nilikasirika. Nikawaambia kwamba nimewapa sifuri wote wanane, aliyekuwapo na asiyekuwapo, nikafunga daftari na kutoka. Ni jambo ambalo mwalimu mtu mzima hapaswi kulifanya mbele ya watoto wa watu, lakini nililifanya.

Kiongozi wa kikundi alinifuata ukumbini. Hakuja kujitetea. Alitaka nijue kwamba yule binti asihesabiwe kuwa mtoro. Baba yake alifariki Jumapili. Habari zilifika hosteli saa tatu usiku. Pesa za mkopo zilikuwa bado hazijaingia, na binti hakuwa na nauli. Akanionyesha simu yake. Kulikuwa na kikundi kingine cha WhatsApp, kilichofunguliwa usiku uleule, chenye watu haohao pamoja na jirani zao wa vyumbani. Kulikuwa na mweka hazina. Kulikuwa na orodha yenye namba, majina, kiasi, na mbele ya kila jina neno "imepokelewa". Mmoja alikuwa ametoa shilingi 2,000 na kuwaomba wenzake radhi kwa udogo wake. Kufikia saa tano usiku nauli na rambirambi vilikuwa vimetimia, salio likaandikwa na kutangazwa. Alfajiri wawili walimsindikiza stendi. Mmoja alipanda naye basi hadi kijijini, akashiriki mazishi Jumanne, akarudi chuoni Jumatano usiku wa manane ili awahi semina yangu. Huyo ndiye aliyekuwa na macho mekundu.

Nikauliza, kwa kuwa sikujua la kusema, kama binti alikuwa ameandaa sehemu yake. Kijana akatazama chini. Alikuwa ameisoma makala yote, akasema. Ukurasa wa mwisho, pale mwandishi anapofunga hoja, ulikuwa haueleweki peke yake, basi akarudi nyuma hadi mwanzo. Akiwa ndani ya basi kwenda kumzika baba yake aliwatumia wenzake ujumbe wa sauti wa dakika nane akiwaeleza makala nzima. Nao waliusikiliza? Waliuruka hadi mahali panapohusu ukurasa wake.

Nilipofika nyumbani nilitoa nakala yangu ya Ekeh kabatini. Nina aibu kukiri kwamba nilikuwa sijaisoma kwa miaka sita. Nilikuwa na muhtasari wangu, na muhtasari ulinitosha, kama slaidi mbili zilivyowatosha wao. Nilisoma hadi saa saba usiku.

Hoja yake, kwa ufupi, ni hii. Katika jamii za Magharibi, anasema mwanasosholojia huyu wa Nigeria, maisha ya faragha na maisha ya umma husimama juu ya msingi mmoja wa maadili. Linalohesabiwa kuwa baya nyumbani huhesabiwa kuwa baya ofisini. Katika Afrika iliyotawaliwa palizuka umma wa aina mbili. Upo umma wa asili, wa ukoo, kabila na kijiji, ambao maadili yake ni yaleyale ya nyumbani: humo mtu hutoa bila kupima atakacholipwa, kwa sababu anachokipata ni kuwa mtu miongoni mwa watu wake. Na upo umma wa kiraia, ulioletwa na utawala wa kikoloni: jeshi, polisi, ofisi, kodi. Huo haukuwa na mzizi nyumbani kwa mtu yeyote. Kuukwepa hakukuwa dhambi. Wakati wa kupigania uhuru, aliyeukwepa alikuwa shujaa. Uhuru ulipokuja serikali ilibadili mwenyewe, lakini mazoea hayakubadilika kwa tangazo. Mtu yuleyule, siku ileile, huishi katika umma hizo mbili. Katika mmoja hutoa bila kuulizwa. Katika mwingine huchukua kinachochukulika, na akikipeleka kijijini watu wake humpongeza.

Nikaona kwamba wanafunzi wangu saba walikuwa wameiigiza makala hii hatua kwa hatua pasipo kuisoma. Kikundi cha msiba kilikuwa na mweka hazina, orodha, salio na mtu aliyepoteza siku tatu za usingizi. Kikundi cha semina kilikuwa na slaidi ya majina. Watu ni walewale. Simu ni zilezile.

Ningependa kuishia hapo, kwenye wanafunzi. Lakini miaka michache nyuma niliteuliwa katika kamati ya wataalamu saba kuandaa taarifa kwa ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Tulikutana siku ya kwanza, tukanywa chai, tukagawana sura. Yangu ilikuwa ya tatu. Niliiandika kwa uangalifu, na bado naamini ilikuwa sura nzuri. Katibu akaziunganisha. Siku ya kuikabidhi, mkuu wa ofisi ile, mwanamama mwenye miwani na subira, alifungua ukurasa wa mapendekezo, akauliza kwa nini pendekezo la nne linapingana na la kumi na moja. Tukatazamana, maprofesa na madaktari wa falsafa saba. Mmoja wetu akasema kwamba suala hilo limefafanuliwa katika sura ya tano. Halikuwa limefafanuliwa. Nilikuwa nimetia saini taarifa yenye sura sita ambazo sikuzisoma, na nilikuwa nimelipwa. Kurudi nyumbani siku hiyohiyo nilipita kikao cha harusi ya mtoto wa jirani, ambako mimi ni mwenyekiti wa kamati ya vinywaji, na naapa kwamba hakuna kreti hata moja ambayo sikujua ilipo.

Wapo watakaosema kwamba zamani haikuwa hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, pale Mlimani, wanafunzi wa USARF waliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili. Walisoma na kubishana bila alama, bila cheti na bila kiongozi wa kugawa kurasa. Jarida lao, Cheche, lilichapwa kwa mashine ya saiklostaili, na mwaka 1970 toleo zima lilibeba andiko la Issa Shivji, kijana wa miaka ya ishirini, kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini. Kabla ya mwaka huo kwisha, jarida na jumuiya yenyewe vilipigwa marufuku. Nayataja haya kwa heshima, ila siyatumii kama fimbo. Wale walikuwa wachache, na wenzao wengi Jumapili hizo walikuwa wamelala. Hata hivyo kuna jambo hapo linalonisumbua: walisoma kwa sababu walidhani andiko linawahusu. Mimi nawapa vijana makala inayowahusu kuliko wanavyojua, naifunga katika Kiingereza cha mwaka 1975, naipachika alama 10, kisha nashangaa kwa nini wanaiona kama mzigo wa kugawana.

Binti alirudi baada ya siku kumi. Alikuja ofisini amejifunga kanga kichwani, akanishikamoo, akaomba tu kujua afanye nini kuhusu sifuri yake. Nilimpa pole. Nikamwambia kwamba kikundi kitarudia Alhamisi inayofuata, bila slaidi, na kwamba semina nzima ya watu 48 lazima iwe imesoma makala. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama atalazimika kusema kwa Kiingereza. Kanuni zetu ni wazi kuhusu lugha ya kufundishia. Siku ilipofika nilifunga mlango, nikawaambia waseme kwa lugha watakayoweza kufikiria nayo.

Alisema kwa dakika kumi hivi. Nitajaribu kuyarudisha maneno yake kwa kadiri ninavyoyakumbuka. Kuna vitu tunaviita vyetu, alisema, na kuna vitu tunaviita vya serikali. Mtu akila mchango wa msiba tunasema ameiba, na kwetu kijijini itambidi ahame. Mtu akitoka na rimu ya karatasi ofisini hatusemi ameiba, tunasema amechukua. Akilala na gari la ofisi tunasema amepata usafiri. Ekeh hatuambii kwamba huyo wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza. Anauliza kitenzi kilibadilikia wapi.

Nimefundisha makala hiyo mara tisa. Sijawahi kuieleza vizuri hivyo.

Baada ya hapo sikuweza kuushika mjadala, wala sikutaka. Kijana mmoja wa kikundi kingine alipinga mara moja. Yeye alichanga kwenye ule msiba, alisema, na hakuchanga kwa maadili wala kwa upendo. Binti mwenyewe alikuwa hamjui. Alichanga kwa sababu orodha ilikuwa inapita na jina lake lingeonekana halipo. Weka orodha kama hiyo serikalini, kila mtu aone nani ametoa na nani amechukua, uone kama umma wa kiraia hautapata maadili usiku mmoja. Darasa likacheka, lakini hoja ilibaki imesimama. Binti akamjibu kwamba orodha ya matumizi ya serikali ipo, taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutoka kila mwaka na hujadiliwa redioni, na watu waliotajwa humo hurudi vijijini kwao wakapokewa kwa ngoma. Aibu haitoki kwenye orodha. Inatoka kwa wanaoisoma.

Mwanafunzi mwingine, mzaliwa wa Pemba, alisema kwamba neno lenyewe "umma" limemtatiza tangu mwanzo. Kwao, umma si ukoo wala si serikali; ni waumini wote, na mali ya wakfu ni mali isiyo ya mtu ambayo hata mwizi huiogopa. Ekeh ameiweka wapi hiyo? Swali zuri mno, nikaliandika. Kabla sijalijibu, sauti ya nyuma ikasema kwamba wakfu nazo zimeliwa, tena na wenye vilemba. Mpemba hakukana. Akasema tu: "Lakini wakila, sisi tunasema wameiba."

Aliyenifunza zaidi alikuwa mjukuu wa mkulima wa kahawa. Babu yake, alisema, alikuwa mwanachama wa ushirika tangu ujana. Alipouza kahawa pale alisema anapeleka kahawa chamani kwetu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Ghala lilikuwa lilelile, mizani ileile, hata karani mmoja alikuwa yuleyule. Babu akaanza kusema anapeleka kahawa kwa serikali, na akaanza kutia mawe kidogo katika gunia. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini neno "kwetu" halikurudi nao. Basi, akauliza, tumlaumu mkoloni peke yake? Kitenzi cha babu kilibadilika mikononi mwetu wenyewe, mbele ya macho yetu.

Semina ya saa moja iliendelea kwa saa moja na dakika 50. Aliyehitaji chumba baada yetu aligonga mara tatu.

Likabaki suala la alama. Sifuri niliifuta, kwa kuwa nilikuwa nimeitoa kwa hasira. Aidha kwa wanafunzi wawili ingewanyima sifa ya kufanya mtihani wa mwisho. Lakini kuwapa wanane wote alama moja, baada ya yale niliyoyasikia, niliona ni kutia saini tena taarifa nisiyoisoma. Nikamwita binti ofisini. Nikamwuliza, kwa siri na kwa nia njema, nani katika kikundi aliisoma makala baada ya siku ile na nani alipewa tu maneno ya kusema.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mwalimu, wale wamenizikia baba. Siwezi."

Nilitaka kumwambia kwamba hilo ndilo hasa Ekeh anaongelea. Kwamba hivyo ndivyo mashahidi wanavyonyamaza mbele ya wakaguzi, na faili zinavyofungwa kwa kukosa ushahidi, na kwamba kila wizi mkubwa wa mali ya umma umezungukwa na watu wema waliozikiana wazazi. Maneno yalifika ulimini. Nikamwangalia, na kanga yake, na siku zake 20 za uyatima, nikashindwa kuyatoa. Alikuwa anaijua makala kuliko mimi. Alijua alichokuwa anakichagua.

Ikanibidi nifanye kazi niliyoikwepa kwa miaka mingi. Niliwaita mmoja mmoja, robo saa kila mtu, makala ikiwa mezani. Nilifungua ukurasa wowote na kuuliza: hapa anasema nini, na kwa nini analisema hapa? Kwa wanane ilikuwa saa mbili. Kwa wanafunzi wangu wote 240 ingekuwa saa 60, na hizo sina. Sitadanganya kwamba nimepata ufumbuzi. Muhula huu nimejaribu jambo dogo: hakuna kikundi kinachojua mapema nani atasema sehemu gani. Jina linaitwa palepale. Malalamiko yamenifikia, na nakala imepelekwa kwa mkuu wa idara.

Binti alipata 9. Kiongozi wa kikundi alipata 7. Alikuwa ameisoma mara mbili, na alikuja na hoja ya kumpinga Ekeh ambayo bado naifikiria. Wengine walikuwa kati ya 5 na 7. Wa mwisho kuingia alikuwa yule aliyepanda basi hadi msibani. Nilifungua ukurasa wa pili, akajaribu. Nikafungua wa kumi, akajaribu. Hakuwa ameisoma. Alikuwa amesikiliza mjadala, ameokota sentensi tatu nzuri, na akazitoa zote tatu katika dakika ya kwanza.

Nilimwambia kwamba atapata 2. Nilijiandaa kusikia habari za basi, mazishi na usiku ule wa Jumatano. Nilijiandaa, naogopa, kulegea. Hakuzitaja. Alisema, "Ni haki, mwalimu," akainuka, akasukuma kiti mahali pake. Mlangoni akageuka akauliza kama anaweza kuazima nakala yangu ile yenye maandishi ya kalamu pembeni, kwa sababu ile waliyotoa kopi kikundini ilikuwa imekatwa, na yeye alibaki na kurasa zake tatu tu.

Nilimpa. Hajairudisha bado.